Jumamosi Mbili za 1954

Kitabu cha John Bale na Joe Sang, Kenyan Running, kilitoka mwaka wa 1996, na mpaka leo sijasoma kingine kinachokifikia kwa habari za jinsi riadha ilivyoota mizizi nchini. Kina ramani, kina majedwali, na kina subira ya kuuliza swali ambalo wengi wetu huliruka: kwa nini tunaamini mbio zilianza tu zenyewe, kama mvua? Kurasa ninazozirudia ni zile chache kuhusu 1954, mwaka ambao wanariadha wa Kenya walipelekwa kushindana Uingereza kwa mara ya kwanza, wakiwa njiani kwenda Vancouver. Nimezisoma nikiishi Bahati. Na ukizisoma ukiwa Bahati, mwaka huo una stori nyingine kabisa, na unajikuta ukingoja hizo stori mbili zikutane. Hazikutani.

Kwanza ile ya London, kwa wale hawajawahi kuisikia. Uwanja ni White City, ubingwa wa riadha wa Uingereza, Julai. Lazaro Chepkwony, Mnandi, anasimama kwenye mstari wa maili sita akiwa pekupeku. Mizunguko 24 hiyo. Anaanza kwa kasi, anapunguza, anachomoka tena, anapunguza, anachomoka. Waingereza walio nyuma yake, waliozoea kukimbia kama saa ya ukutani, hawajui wamfuate au wamwache. Baada ya mizunguko kama 15 msuli unamkataa, anatoka. Kesho yake, Jumamosi tarehe 10 Julai, ni zamu ya Nyandika Maiyoro kutoka Gusii kwenye maili tatu. Naye anachomoka mapema, anawaacha wenzake kwa umbali ambao ulifanya uwanja mzima usimame. Chris Chataway, yuleyule aliyemsaidia Roger Bannister kuvunja dakika nne za maili moja mwezi Mei mwaka huo, anaanza kumfukuza pamoja na Fred Green. Wanamfikia, wanampita, wanamaliza karibu bega kwa bega kwa dakika 13 na sekunde 32.2, wote wawili chini ya rekodi ya dunia. Green akapewa ushindi. Maiyoro akawa wa tatu, 13:54.8.

Ni stori tamu. Ina miguu mitupu, ina umati wa wageni unaoshangilia, ina rekodi ya dunia, na ina mwanzo wa kitu ambacho tunajua kitaishia wapi: Kipchoge Keino, Rudisha, Eliud, sisi sote tukipepea bendera. Ndiyo maana husimuliwa kama utangulizi. Maiyoro alipofariki 2019 tanzia zilimwandika hivyo tena, mtu wa kwanza, aliyefungua mlango. Mlango wa nini na ulikuwa umefungwa na nani, hapo kimya.

Sasa rudi nyuma siku 77 tu kutoka Jumamosi hiyo ya White City. Unatua kwenye Jumamosi nyingine, tarehe 24 Aprili 1954. Kabla jua halijachomoza, wanajeshi na polisi wapatao 25,000 wameuzunguka mji wa Nairobi. Operesheni inaitwa Anvil. Anvil ni fuawe, kile chuma ambacho mafundi wa Kamukunji hulaza bati juu yake na kuligonga mpaka likubali kuwa sufuria. Sijui aliyechagua jina hilo alikuwa anafikiria nini, lakini alichagua vizuri. Mitaa ya Waafrika, yaani Eastlands hii yetu, ikafungwa mmoja mmoja: Pumwani, Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Makongeni, Bahati. Watu wakatolewa nyumbani na vifurushi vyao, wakapangwa, wakaulizwa kabila. Wasiokuwa Wakikuyu, Waembu au Wameru waliweza kwenda zao. Waliobaki wakapitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia kichwani, yenye matundu mawili ya macho tu. Wakikuyu waliwaita gakunia. Gunia likitikisa kichwa upande huu unarudi kitandani. Likitikisa upande ule unapanda lori la Langata, kisha Manyani au Mackinnon Road, na hujui ni kwa mwezi au kwa miaka. Zaidi ya watu 20,000 waliishia kizuizini kwa njia hiyo. Wanawake na watoto kwa maelfu walirudishwa vijijini, na wengi wao hawakuwa na kijiji cha kurudi.

Hesabu hiyo ya siku 77 nimeipiga mwenyewe na kalenda, kwa sababu sijaikuta mahali. Wiki 11 kamili, Jumamosi hadi Jumamosi. Kenya iliyokuwa inashangiliwa White City ndiyo Kenya ileile. Serikali iliyolipa nauli ya malori ya Langata ndiyo serikali ileile iliyokuwa na Ofisa wa Michezo, Archie Evans, aliyesimamia kulea timu.

Ninaposema hazikutani nina maana ya rafu za vitabu. Upande mmoja kuna rafu ya mbio. Bale na Sang wako hapo, na kwa haki yao, hawana usingizi: wanajua riadha ililetwa na maofisa, mashule, jeshi na magereza, na wanaeleza jinsi mkoloni alivyoona michezo kama njia ya kuwaweka vijana mahali pao. Lakini jicho la kitabu chao liko nyanda za juu, Bonde la Ufa na Gusii, kule wakimbiaji walikotoka. Nairobi ni mahali pa kupandia ndege. Upande wa pili kuna rafu ya Hali ya Hatari. Mwaka wa 2005 vitabu viwili vikubwa vilitoka pamoja, Histories of the Hanged cha David Anderson na Britain's Gulag cha Caroline Elkins. Vyote vinakuonyesha Anvil kwa namna ambayo hutapita tena hapa mtaani ukiwa na macho yaleyale. Nimevisoma mpaka tanbihi. Maiyoro sikumwona.

Mtu anaweza kusema hilo ni sawa, kila kitabu na kazi yake, huwezi kumlaumu mwanahistoria wa kitanzi kwa kutoandika habari za mbio. Sawa. Lakini sisi wasomaji tunalipa gharama. Kijana wa Eastlands anakua akiwa na historia mbili zisizosalimiana. Moja ni ya fahari na iko mbali, Iten, Eldoret, Kisii. Nyingine ni ya aibu na huzuni na iko chini ya miguu yake, lakini hakuna anayemwambia. Uliza base yoyote hapa michezo ya mtaa ni gani. Watakwambia mpira na ndondi. Mbio ni za wale wa kule juu, manze, zimo kwa damu yao. Hiyo sentensi ya damu nitairudia baadaye kidogo, kwa sababu nadhani 1954 ina la kusema juu yake.

Na si kwamba mtaa umesahau kabisa. Umekumbuka bila kujua. Ukipanda mathree Jogoo Road, ambayo wakati huo iliitwa Doonholm Road, makanga anaita Mbotela, anaita Ofafa, Maringo, Jericho, na wewe unafikiria ni majina tu ya stage. Tom Mbotela alikuwa mwanasiasa aliyewapinga Mau Mau hadharani. Aliuawa Novemba 1952, mwezi mmoja baada ya Hali ya Hatari kutangazwa, na mwili wake ukapatikana karibu na soko la Burma. Ndiyo, Burma hii ya nyama. Ambrose Ofafa alikuwa diwani wa Nairobi na kiongozi wa Luo Union, naye akapigwa risasi mwaka uliofuata. Halmashauri ya mji ilipojenga mitaa mipya baada ya kuitikisa ile ya zamani, iliipa majina yao. Kwa hiyo vita viko kwenye ulimi wetu kila asubuhi, upande mmoja wa vita hivyo kusema kweli. Hata neno kipande, ambalo karao bado analitumia akikusimamisha usiku, lina zaidi ya miaka 100. Ni kile cheti cha kazi ambacho mababu zetu walivalishwa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Ng'ambo ya barabara kutoka Burma kuna City Stadium, uwanja ambao wakoloni waliuita African Stadium. Huko nyuma wazee wetu walimtazama Joe Kadenge akicheza. Uwanja wa michezo na soko la maiti ya mwanasiasa vinatazamana, vimetenganishwa na barabara moja. Mwandishi gani angehitaji kubuni?

Turudi kwa Chepkwony na ile mbio yake ya kuchomoka na kupunguza, kwa sababu ndipo ninapoona kosa kubwa zaidi la jinsi stori hii husimuliwa. Toleo tulilorithi linasema hakujua mwendo. Alikuwa na moyo na mapafu, lakini hakujua kwamba mbio ndefu hugawanywa, alikimbia kama mtoto aliyefunguliwa geti. Maiyoro vilevile: alitoka mbio sana, masikini, hakuna aliyekuwa amemfundisha. Husemwa kwa upendo, na upendo huo ndio unaonisumbua.

Tarehe 29 Agosti mwaka huohuo wa 1954, wiki saba baada ya White City, Vladimir Kuts wa Muungano wa Kisovieti alisimama Bern kwenye mita 5000 za ubingwa wa Ulaya. Akachomoka tangu mwanzo. Emil Zátopek na Chataway, huyuhuyu Chataway, walimwacha aende. Hakurudi. Alishinda kwa rekodi ya dunia, 13:56.6, Chataway wa pili, Zátopek wa tatu. Miaka miwili baadaye kwenye Olimpiki ya Melbourne, Kuts alimmaliza Mwingereza Gordon Pirie katika mita 10,000 kwa kuongeza kasi, kupunguza, kuongeza tena, mpaka mwenzake akapasuka. Ilikuwa ni ileile ya Chepkwony. Ya Kuts inafundishwa kama mbinu, ina jina kwenye vitabu vya makocha. Ya Chepkwony ni kichekesho kitamu cha mtu aliyetoka kijijini.

Utaniambia Kuts alishinda na Chepkwony alitoka na msuli uliokatika, hiyo ndiyo tofauti. Ni kweli, na kwenye mbio matokeo hayana huruma. Lakini kushindwa ni kitu kimoja na kutojua ni kingine. Mtu anaweza kujua vizuri sana anachofanya na bado mguu ukamkataa. Hatukuwahi kumpa Chepkwony nafasi ya kuwa na akili. Tulimpa mapafu. Na Maiyoro, ambaye aliwaburuza Waingereza wawili mpaka wakaenda chini ya rekodi ya dunia, tunamwambia asante kwa juhudi. Nani alitengeneza rekodi ile, kama si yeye aliyewatia hofu mizunguko ya mwanzo? Hakuna aliyeuliza hivyo kwa muda mrefu kwa sababu jibu lingebadilisha nani alikuwa mwalimu siku ile.

Hapa ndipo Jumamosi ya Aprili inapoingia kwenye Jumamosi ya Julai, hata kama vitabu havitaki. Mwaka huo Mwafrika wa Kenya alikuwa anaonekana kwenye magazeti ya Uingereza kwa sura moja, sura ya panga. Mwaka uliofuata wakatoa hadi filamu, Simba, Dirk Bogarde akiwa setla, na ukiitazama leo utaona usiku, vichaka, na Waafrika wanaotisha. Katikati ya hofu hiyo wanatua vijana wawili wanaokimbia bila viatu na hawana ubaya na mtu. Kwa umati wa White City walikuwa nafuu kubwa. Hiki hapa Kiafrika tunachoweza kukipenda! Na ili kipendeke vizuri ilibidi kiwe kama mtoto: nguvu nyingi, hesabu kidogo. Mtu anayejipangia mbio, anayekutega, anayebadilisha mwendo makusudi ili uchanganyikiwe, huyo anafanana mno na yule waliyekuwa wanamtafuta msitu wa Aberdare.

Sisemi serikali ilikaa chini ikaandika mpango huo. Sihitaji kusema hivyo. Chama cha riadha cha Kenya kiliundwa 1951, kabla ya Hali ya Hatari, na watu kama Evans walipenda mbio kwa dhati, hiyo inaonekana. Hata hivyo michezo yote ya koloni hii ilikuwa imegawanywa kwa rangi. Kriketi, kwa mfano, ilikuwa na mechi yake maarufu ya kila mwaka tangu 1910, Maafisa dhidi ya Masetla, yaani Wazungu wa serikali na Wazungu wa mashamba wakigombana kistaarabu kwenye nyasi. Wahindi wa Nairobi nao walikuwa na vilabu vyao na uhodari wao, mpaka ikabidi wapewe mechi ya kukutana na Wazungu. Mwafrika alipewa mbio. Mbio hazina gharama, hazina chumba cha kubadilishia nguo cha kugombania, na hakuna chai ya pamoja baada ya mchezo. Halafu tunashangaa vipaji vilijipanga jinsi vilivyojipanga.

Ndiyo narudi kwenye ile sentensi ya damu.

Katika miaka ambayo timu ya riadha ilikuwa inajengwa, 1952 hadi 1960, Wakikuyu, Waembu na Wameru waliishi chini ya sheria ambazo makabila mengine hayakuwekewa. Baada ya Anvil walihitaji kitabu cha pasi ili tu wakanyage Nairobi. Kuanzia katikati ya 1954, miezi ileile ambayo Maiyoro alikuwa anajiandaa kusafiri, zaidi ya watu milioni moja walianza kuhamishiwa kwenye vijiji takriban 800 vilivyozungushiwa mitaro na miba. Kulikuwa na saa ya kutoka na saa ya kurudi. Niambie kijana wa Murang'a angekimbia wapi? Angefanya mazoezi saa ngapi? Akionekana anakimbia barabarani alfajiri, askari angemfikiria nini kwanza?

Sidai kwamba hiyo ndiyo sababu pekee, wala kwamba Wanandi na Wakisii walipewa vya bure. Mwinuko upo, mashule yapo, jeshi lipo, mifano ya kuigwa ipo. Medali za kwanza za Kenya kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola, Cardiff 1958, zilienda kwa Arere Anentia wa Gusii na Bartonjo Rotich, na walizitolea jasho. Ninachosema ni kwamba ramani ya nani anakimbia na nani hakimbii ilichorwa wakati sehemu ya nchi ilikuwa imefungiwa ndani. Baadaye tukaitazama ile ramani tukaona damu. Ukitaka kujua damu ilikuwa wapi, subiri kizazi kimoja: John Ngugi na Julius Kariuki wakitwaa dhahabu Seoul 1988, Douglas Wakiihuri bingwa wa dunia wa marathon mwaka mmoja kabla yao, kisha Catherine Ndereba, kisha Samuel Wanjiru Beijing 2008. Nyahururu peke yake imetoa mabingwa wa kutosha kuaibisha nadharia nzima.

Tuseme basi kwamba historia imeshindwa kuweka mbio na kizuizi kwenye ukurasa mmoja. Je, fasihi? Nimezunguka kote na ninarudi kwa marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o. Katika A Grain of Wheat, ya 1967, kuna mbio mbili. Ya kwanza ni ya vijana wa Thabai kukimbilia stesheni ya Rung'ei kuona treni ikipita, kabla mambo hayajaharibika. Siku moja Karanja na Gikonyo wanashindana, Karanja anatangulia kufika, lakini Gikonyo amebaki nyuma msituni na Mumbi, na Karanja anasimama pale stesheni akiwa mshindi aliyepoteza. Kisha Hali ya Hatari inawagawa: mmoja anakuwa mtu wa serikali, mwingine anapelekwa kizuizini miaka sita. Mbio za pili ni za sherehe ya Uhuru, mbio ndefu kuzunguka uwanja, watu wazima wenye majeraha yao wakishindana kama wavulana. Gikonyo na Karanja wanakimbia tena, miili inakumbuka, wanaanguka, na Gikonyo anavunjika mkono.

Tulipofanya kitabu hiki kama seti bukuu, tulifundishwa kutafuta usaliti wa Mugo. Mbio tuliziruka kama pambo la sherehe. Mimi sasa nadhani ndizo kitovu. Ngũgĩ alielewa kitu ambacho waandishi wa spoti hawakukielewa, kwamba mwili unaokimbia Kenya ya wakati ule hauwezi kuwa mtupu. Mtu anayekimbia ametoka mahali, anaenda mahali, na kuna mtu mwingine amezuiwa ili yeye apite. Ninalomlaumu nalo Ngũgĩ ni dogo lakini kwangu lina uzito: Nairobi iko nje ya jukwaa lake. Thabai ni kijiji. Mtaa ambao uliondolewa watu asubuhi moja, mtaa wa chumba kimoja, bomba la pamoja na choo cha pamoja, haupo pale.

Kwa huo mtaa lazima uende kwa Muthoni Likimani na Passbook Number F.47927, kitabu cha 1985 ambacho hakisomwi inavyostahili. Kinahusu wanawake wa Hali ya Hatari, na jina lake tu ni hoja nzima: mwanamke aliyegeuzwa namba ili aruhusiwe kubaki mjini. Lugha yake haina madoido, mara nyingine inasimulia harakaharaka kama jirani anayekupa habari akiwa mlangoni na sufuria mkononi, na wahakiki wamekipita kwa sababu hiyo. Wamekosea. Hiyo ndiyo sauti ya watu waliobaki Bahati baada ya malori kuondoka. Na inakukumbusha jambo ambalo rafu ya mbio hailigusi, kwamba hakuna mwanamke kwenye safari ile ya 1954, wala hakuna mwanariadha Mkenya mwanamke aliyefika Olimpiki mpaka Mexico 1968. Wakati wanaume wawili wanajifunza kona za White City, wanawake wa mtaa huu walikuwa wanajifunza ni ofisi gani inagonga muhuri.

Kwa hiyo kuna kitabu ambacho hakijaandikwa, na nikiwa mkweli nimechoka kukingoja kutoka kwa maprofesa wa ng'ambo. Ningependa kiandikwe na mtu wa hapa, kwa lugha inayosikika hapa. Kisianzie uwanjani. Kianzie Kaloleni, Julai, kwa mtu ambaye gunia lilitikisa kichwa upande mzuri, au ambaye hakupitishwa mbele ya gunia kabisa kwa sababu ni Mkisii au Mluo au Mluhya, na sasa jirani wake wa miaka mitano hayupo, mlango umepigwa msumari, na habari inafika kwamba kijana wa Gusii amewatangulia Wazungu London. Afurahi vipi? Afurahie na nani? Kwa sauti ya kiasi gani, ukuta wa pili ukiwa mtupu? Hapo ndipo ninaona riwaya. Sijui kama kuna kitu kigumu zaidi kuandika kuliko furaha ya mtu aliyeachwa.

Na mwandishi huyo, nakuomba, usiishie White City. Kila mtu huishia hapo kwa sababu pana rekodi ya dunia na kelele. Timu iliendelea hadi Vancouver, michezo ya Dola ya Uingereza na Jumuiya ya Madola, na huko ulimwengu wote ulikuwa unamtazama Bannister na John Landy tarehe 7 Agosti. Mnigeria, Emmanuel Ifeajuna, alishinda dhahabu ya kuruka juu, na nyuma yake akaja Mganda, Patrick Etolu. Miaka 13 baadaye Ifeajuna angepigwa risasi Biafra kwa amri ya wenzake, kwa hiyo yule naye ana kitabu chake. Kenya haikupata medali hata moja. Chepkwony alimaliza maili sita safari hii, mguu ukimbeba hadi mwisho, wa saba. Maiyoro akarudi kwenye maili tatu dhidi ya Chataway na Green walewale. Wiki nne zilikuwa zimepita tangu London, na mtu anayesemekana hakujua mwendo alikimbia 13:43.8, sekunde 11 haraka zaidi. Akawa wa nne, mbele yake Waingereza watatu, Chataway, Green na Frank Sando. Wa nne hapandi jukwaa wala hapigwi picha, na pengine ndiyo sababu sekunde hizo 11 hazitajwi kwenye tanzia.